Alama Tulizousingizia Mwezi

Mimi ni mpishi wa shughuli. Ukiwa na harusi Malindi au Mambrui, na ukataka pilau la watu wengi lisiloshika chini, watu watakuleta kwangu, nami nitakuuliza maswali mpaka ujute kuoza. Nina maneno mengi na hasira za karibu. Hilo siwafichi, na wanaofanya kazi nami hawalifichi vile vile.

Tunapikia uwanjani, masufuria ya kumwingiza mtu mzima akajikunyata, moto chini, jua juu. Wenzangu wote huvua mashati wakabaki na fulana na kikoi. Mimi hubaki na shati la mikono mirefu, limefungwa vifungo mpaka shingoni, jasho likinitiririka mpaka kwenye champali za miguuni. Wakanipa jina la Bwana Harusi. "Bwana Harusi, koroga wali huo!" "Bwana Harusi, bibi kesha toka, wewe wangoja nini?" Nacheka nao, nawatukana kidogo, nakoroga. Hakuna aliyewahi kuniuliza kwa kweli kwa nini sivui shati, kwa sababu nilihakikisha kila anayetaka kuuliza anaishia kucheka.

Chini ya shati lile nina vinundu. Nivitaje tu kwa jina lao, maana nimeishi kwa kuvizunguka. Viko kifuani, tumboni, mgongoni, na mikononi mpaka karibu na viwiko. Vingine kama punje ya mtama, vingine kama kunde, na kimoja chini ya bega la kushoto kimefika ndimu ndogo. Ni laini. Ukikibonyeza chazama, ukikiachia chainuka. Haviumi, haviwashi, havitoi usaha. Vilianza kuota nilipobaleghe, vikawa vinaongezeka mwaka hata mwaka. Kabla ya hapo, tangu nilipojijua, nilikuwa na mabaka bapa ya rangi ya chai ya maziwa mbavuni na mapajani, na baadaye madoadoa makwapani. Hayo hayakunisumbua, mtoto wa kiume ana mabaka, nani anamtazama? Vinundu ndivyo vilivyoniingiza shatini.

Watu hawajui aibu ya mwili inavyokula siku. Udhu natilia nyumbani, nateremsha mikono ya shati, nafunga vifungo, ndipo naenda msikitini. Nimezaliwa karibu na bahari na sijaogelea tangu utoto. Kinyozi akitaka kunipaka poda shingoni namwambia basi, yatosha, niache. Na mara moja, nikipakua katika shughuli ya watu, mkono wa shati ulipanda kidogo. Mzee aliyekuwa mbele yangu akautazama mkono, akaitazama sahani yake, akaisogeza kando taratibu. Mpishi akikataliwa chakula chake hahitaji kuambiwa maneno.

Nyumbani, hata hivyo, sababu ilikuwa inajulikana. Mamangu alikuwa nayo.

Kwetu mwezi ukipatwa, mwenye mimba hulala chali, amenyooka, mikono pembeni. Hajikuni, hashiki kisu wala sindano, hajifungi nguo kiunoni. Pale atakapojigusa ndipo mtoto atakapotoka na alama. Sijui kama kila nyumba inaamini hivyo, yetu iliamini. Mamangu aliolewa akiwa msichana, mimba yangu ilikuwa ya kwanza, na mwezi ukapatwa katika msimu wa joto. Akajikuna. Mavyaa yake, yaani nyanyangu, alimwona, au alisema amemwona, na nilipozaliwa nikatokwa na mabaka, hukumu ilikuwa tayari. "Umemharibia mwanangu mwanawe," nyanyangu alimwambia, na alikuwa akimkumbusha kila nilipovuliwa nguo nioge.

Mamangu alinisimulia mambo haya nilipokuwa mdogo kama mtu anavyosimulia kwamba mwaka fulani mvua ilichelewa. "Ni mimi, mwanangu. Nilijikuna." Na alihangaika nami, maskini. Alinipaka liwa, alinipaka mafuta ya habasoda, alininywesha kombe, aya zilizoandikwa kwa zafarani zikaoshwa kwa maji ya waridi, mpaka nikalichukia. Vinundu vilipoanza alifunga siku nyingi. Mimi sikumlaumu. Wala sikumwambia kwamba simlaumu. Nilidhani jambo kama lile halina haja ya kusemwa.

Nilioa Takaungu. Kabla ya ndoa nilimwambia mke wangu nina vinyama vya mafuta mwilini, nikalisema kwa haraka kama mtu anayetaja deni dogo. Tulipokuwa peke yetu kwa mara ya kwanza alipitisha mkono mgongoni mwangu, akauliza, "Vinauma?" Nikasema la. "Basi," akasema, na mambo yakaishia hapo. Hakuwahi kumwambia mtu, hata dada yake waliyelala naye kitanda kimoja utotoni. Siri ya mtungi muulize kata, wanasema, lakini kata yangu ilikuwa na adabu zake.

Akashika mimba. Na kama vile tumeandikiwa, mwezi ukapatwa naye ana mimba kubwa. Habari ilikuwa imetangazwa mapema, kila mtu ana simu siku hizi, na mamangu alijiandaa kana kwamba anapokea wageni wa Hija. Tunaishi nyumba moja, yeye chumba cha mbele, sisi uani. Baada ya magharibi alikuja na mkeka wake, akautandika, akamlaza mke wangu chali, akakaa karibu naye akivuta uradi. Mimi nilikwenda msikitini kwenye sala ya kupatwa.

Nilichokikuta niliporudi ni ugomvi. Upepo ulikuwa umevuma, mke wangu akakumbuka nguo kambani, akainuka akazianua, na aliporudi ndani akajifuta jasho mbavuni kwa ncha ya leso. Basi.

"Amejishika!" mamangu aliniambia. "Nimemwambia asijishike, amejishika!"

"Nimejifuta jasho tu, mama," mke wangu akasema.

"Jasho! Hata mimi lilikuwa jasho!"

Nilicheka. Ndiyo, nilicheka, nikawaambia mtoto hatapata kitu, nikaomba chai. Nilikuwa na njaa na sikutaka kusikia habari za alama.

Tukapata mtoto wa kike. Alizaliwa na ngozi safi isipokuwa baka moja dogo pajani, nasi tukamshukuru Mungu. Lakini ilipokaribia arobaini mabaka mengine yakaanza kujionyesha. Mbavuni, mgongoni, tumboni karibu na kitovu. Bapa, hayana uvimbe, rangi ya chai iliyokolea maziwa, kingo zake safi. Mamangu ndiye aliyekuwa akimwogesha. Aliniita uani kwa sauti ambayo sikuizoea.

"Njoo utazame kazi ya mkeo."

Nilitazama. Rangi ile naijua, nimeivaa tangu nizaliwe. Mtoto alikuwa akirusha miguu ndani ya beseni akifurahia maji, na mimi nilisimama pale nikiwa na haja ya kumfunika, kumfunika tu, kwa kitu chochote kilicho karibu. Niliona haya mbele ya mtoto wa siku thelathini na kitu. Mke wangu alikuwa ameegemea mlango, na mamangu alipoingia ndani kuchukua taulo akaniambia polepole, "Ni kama yako."

"Watoto wote wana alama," nikamjibu, na nikatoka.

Kuanzia siku ile mamangu hakunyamaza. Hakuwa na nia mbaya, nami namtetea mpaka leo, lakini mdomo wake ulikuwa haulali. Kila aliyekuja kumtazama mtoto aliambiwa. "Nilimlaza mwenyewe kwa mkono wangu, akainuka. Hakusikia. Vijana wa leo hawasikii." Majirani waligeuza nyuso wakamtazama mke wangu kama wanavyomtazama mtu aliyeangusha sahani ya wenyewe. Na mke wangu angejibu nini? Angesema mtazameni mume wangu, naye mamangu angemwambia ndiyo, na yeye pia ni mwezi, nami nilijikuna, kwa hiyo nakufahamu vizuri. Isitoshe hangenivua nguo mbele za watu hata kwa maneno. Akameza. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, na mimi niliyekuwa karibu naye kuliko wote niliuona mwepesi kuliko wote.

Tulipompeleka mtoto chanjo, nesi alimvua nguo ampime uzito, akayaona mabaka. Hakutushtua. Alituuliza yalianza lini, akatuelekeza hospitali kubwa ya Kilifi, siku ambayo daktari wa ngozi huwa yuko.

Foleni ile sitaisahau, kwa sababu nilikuwa sijawahi kukaa mahali ambapo kila mtu ameleta jambo lake la ngozi waziwazi. Palikuwa na mama mwenye kichanga chenye uvimbe mwekundu penye paji la uso, mwekundu na wenye vipele kama tunda la mforosadi, na alikuwa akiwaeleza waliomzunguka kwamba ameambiwa utakua kwanza kisha utanywea wenyewe. Palikuwa na bwana mwenye bonge la mafuta kisogoni anayelipapasa huku akizungumza siasa. Palikuwa na bibi mmoja aliyedhani amechomwa na mwiba kisiginoni, doa jeusi lisilopona, likapanuka, na mwanawe alikuwa akimgombeza kwa kukaa nalo. "Ningejuaje?" bibi akasema. "Doa haliumi." Mimi nilikaa nao nimefunga vifungo vyote, nikiwatazama kama mtu aliyekuja kusindikiza.

Daktari alikuwa mwanamke wa rika langu. Alimvua mtoto, akamsogeza dirishani penye mwanga, akalitazama baka moja moja, akamwinua mikono akatazama makwapa, akamtazama macho, akampitishia kidole kwenye uti wa mgongo. Halafu akanigeukia mimi.

"Baba, katika familia, kwako au kwa mama, kuna mtu mwenye mabaka kama haya? Au mwenye vinundu laini kwenye ngozi?"

"Hakuna," nikasema.

Lilitoka kabla sijalitafuta. Mke wangu aliniangalia. Hakuniangalia kwa hasira, ningejua la kufanya na hasira. Aliniangalia kama anayesubiri nimalizie sentensi.

"Hata wewe mwenyewe?" daktari akauliza.

"Nimesema hakuna, daktari. Wataka niape?"

Ndivyo nilivyo. Nikiogopa, nagombana. Daktari akasema basi, tutamfuatilia, mleteni tena. Mke wangu alimvika mtoto nguo, akafunga kila kifungo polepole, hakuinua uso.

Nyumbani alinipikia, akanipakulia, akangoja nile. Kisha akaanza kukunja nguo za mtoto.

"Nakwenda kwetu," akasema.

"Kwa ajili ya mama? Nitazungumza naye."

"Mamako namvumilia. Mamako anaamini anachokisema." Akafunga furushi. "Wewe huamini."

Akaenda Takaungu na mwanangu.

Mamangu akasema mwache aende akafundwe. Baada ya juma moja na siku chache baba mkwe alituma ujumbe kwa mjomba wangu, kwa heshima zote na kwa ufupi uliotisha: binti yake anatangazwa Malindi nzima kwamba ni mzembe aliyemtia mwanawe ila ya mwili. Kama ndivyo tunavyomwona, basi yeye hatufai na sisi hatumfai, tuje tukae, apewe talaka yake na heshima yake abaki kwao. Na kama sivyo, aje mtu aseme sivyo mbele ya watu.

Nilisoma ujumbe ule mara nyingi. Mke wangu nampenda, na sikupata kulisema hilo vizuri, kwa hiyo nalisema hapa. Nilikuwa nampoteza kwa sababu ya shati.

Kabla ya siku ya kikao nilikwenda Kilifi peke yangu. Daktari alinikumbuka. Sikusema mengi, nilimwambia tu, "Swali lako la siku ile, nataka nilijibu tena." Akafunga pazia.

Mikono hii huinua sufuria la moto bila kitambaa. Kifungo cha kwanza kilinishinda. Nilihangaika nacho, vidole vimekuwa vya mtu mwingine, na daktari hakunisaidia wala hakuniharakisha, alijitia kupanga vitu mezani. Hatimaye nikavua. Ilikuwa mara ya kwanza mtu asiyekuwa mke wangu kuniona tangu ujana, na nilitazama ukutani nikingoja asogee nyuma.

Hakusogea. Aliniwekea kidole juu ya kinundu kimoja kifuani, akabonyeza, kikazama. "Waona kinavyoingia ndani? Ni laini, kama kitufe. Hiki ni kinundu cha mishipa ya fahamu." Aliutaja ugonjwa kwa jina refu ambalo ulimi wangu haukulishika. Akanionyesha makwapa yangu kwa kioo, yale madoadoa, akanieleza. Kichanga huanza na mabaka bapa ya rangi ya kahawa au chai. Mtoto akikua hutokwa na madoa makwapani na kwenye kinena. Vinundu kwa kawaida huja baadaye, mwili unapopevuka, na huongezeka na umri. Hauambukizi, hata kwa kula chungu kimoja wala kulala pamoja. Mwenye nao, kila mtoto wake ana nusu kwa nusu ya kuurithi. Na hauwi sawa kwa watu wawili, baba anaweza kuwa na vinundu mwili mzima na mtoto akawa na mabaka tu.

Alilishika lile nundu kubwa la chini ya bega, akaniuliza kama linakua haraka, kama limekuwa gumu, kama linauma hasa nikiwa nimelala. Nikasema la. "Siku likianza moja katika hayo, usingoje, njoo." Kuhusu mtoto alisema mambo machache na akayarudia: macho yapimwe kila mwaka, mgongo utazamwe kama unapinda, shinikizo la damu lipimwe, na akianza shule nisipuuze akichelewa kushika masomo. Wengi, alisema, huishi maisha yao kama watu wengine.

"Na mwezi?" nikamwuliza. Niliona haya kuuliza, lakini nisingetoka pale bila kuuliza.

Hakucheka. "Mwezi haufanyi hivi. Wala mama akijikuna hafanyi hivi."

"Basi mimi niliutoa wapi? Marehemu babangu alikuwa mvuvi, alishinda kifua wazi mji mzima ukimwona. Hakuwa na hata chunjua. Mamangu naye hana kitu."

"Kwa wengi huanzia kwao wenyewe," akasema. "Hutokea tu, wakati mtoto anapoumbika tumboni. Hakuna aliyefanya kitu."

Nikavaa shati langu. Nje nilikaa kwenye kibaraza nikalia, mtu mzima na ndevu zake. Nililia kwa kuwa mwanangu ameyapata mabaka yake kwangu, na kwa kuwa alipoyapata niliona haya badala ya kumkumbatia.

Siku ya kikao tulikwenda Takaungu watu watatu, mimi, mjomba na mamangu. Tulipokewa kwa adabu ile inayoumiza, kahawa, tende, karibuni, shikamoo, marahaba. Baba mkwe alikaa na nduguye upande mmoja. Mke wangu alikaa karibu na mlango wa ndani, mtoto mapajani, hakunitazama. Mamangu alikaa ukutani, leso imefunika mpaka kidevuni.

Mjomba alifungua maneno. Halafu mamangu akaomba kusema, akapewa.

"Mimi sina chuki na mwana huyu," akasema. "Nilimlaza, akainuka, akajishika. Nasema ninalolijua, kwa kuwa lilinifika mimi kabla yake. Mtoto wangu huyu hapa ni shahidi. Ni mkono wangu mimi. Sikuficha. Nilimwomba radhi mavyaa yangu mpaka akafa. Naye akubali kosa lake, aombe radhi, mambo yaishe, arudi kwake."

Baba mkwe akamwangalia binti yake. Nikaona mke wangu anafungua mdomo, na nikajua jambo moja kwa hakika: angekubali. Kwa ajili ya mtoto, au kwa kuchoka, angesema ni kosa langu, niwieni radhi, na angerudi Malindi kuishi nalo mpaka azeeke.

Nikasimama nikaanza kufungua vifungo.

"Ebo!" mjomba akaruka. "Una wazimu? Wavua nguo mbele ya wakweo?"

Ni utovu wa adabu mkubwa, najua. Baba mkwe aliinamisha macho kwenye mkeka, nduguye akageuka dirishani, wakiniheshimu pale nilipokuwa sijiheshimu. Nikavua shati, nikavua na fulana. Uso ulikuwa unaniwaka moto. Nilitamani sakafu inimeze. Nikamwendea mke wangu, nikamwomba mtoto, nikaipandisha kanzu yake ndogo, nikamweka ubavu kwa ubavu nami.

"Tazameni," nikasema. "Naomba mtazame. Rangi ni moja. Baka ni moja. Alama hizi hazikutoka kwa mwezi wala kwa mkono wa mtu, zimetoka kwangu. Nilijua tangu siku ya kwanza, nikanyamaza, nikamwacha atukanwe. Mke wangu hana kosa. Mwenye kosa ni huyu mnayemwona."

Wakatazama, kwanza baba mkwe. Aliangalia kwa muda mrefu, mimi na mtoto, mtoto na mimi. Kisha akasema kwa sauti ya kawaida, "Vaa shati, mwanangu. Kuna upepo." Mke wangu alikuwa analia kimya, na alikuwa akinitazama.

Nilisahau kuvaa. Nilikuwa nimeshaanza na sikuweza kukoma, nikawaeleza yote ya daktari, mabaka ya uchangani, madoa ya makwapani, vinundu vya ukubwani, macho ya mtoto ambayo lazima yapimwe. Nikawaeleza kwamba babangu hakuwa nayo na mamangu hana, kwamba kwangu yalianza tu nikiumbika tumboni, kwamba hakuna aliyefanya kitu. Maneno yalinitoka kama nawapangia watu kazi ya jikoni.

"Rudia," mamangu akasema.

Nilidhani amekasirika. Nilikuwa nimemwaibisha mbele ya wakwe, nimemtoa uongo mama mtu mzima. "Nisamehe, mama, sikukusudia..."

"Hapo mwisho. Alivyosema daktari. Rudia."

"Amesema yalianza tu. Hakuna aliyefanya kitu."

Aliiteremsha leso kutoka kidevuni. Sikuwa nimemtazama uso vizuri kwa muda mrefu, mtu humzoea mamake.

"Kwa hiyo si mimi?"

"Si wewe, mama."

"Kule kujikuna."

"Si kujikuna. Si wewe. Haikuwa wewe hata siku moja."

Mtoto alikuwa akivuta nywele za kifua changu. Mamangu alitikisa kichwa polepole, mara nyingi, kama mtu anayejaribu kukumbuka jambo. Nikangoja alie, au aombe radhi, au anigombeze nivae.

"Babako," akasema, "siku aliyokata roho, nilimwinamia sikioni nikamwomba msamaha. Kwa ajili yako. Kwa nilivyokufanya."

Akamtazama mtoto mikononi mwangu.

"Akanisamehe."